Jina Lililobaki Kwenye Daftari la Makobola

Sogeza kiti karibu, binti yangu, wewe uliyepewa funguo za kabati langu juma lililopita. Najua umesoma, na vitabu vyenu vina picha za rangi ambazo sisi hatukuziona. Sitaki kukurudishia masomo. Nataka kukueleza habari za daftari la jalada la bluu lililo kwenye rafu ya chini, nyuma ya maboksi ya glavu. Ukilifungua utakuta jina moja limepigwa mstari lakini bado linasomeka. Utadhani niliyeandika nilikuwa na haraka. Hapana. Nisikilize kwanza.

Nilianza kazi katika chumba cha uzazi hapa Uvira nikiwa msichana mwembamba niliyejua kupima joto la mwili na kutandika vitanda, basi. Aliyenipokea ni Mama Odeta, mkunga mkuu, mwanamke mfupi ambaye kila mtu alimwogopa mpaka alipoguswa na mikono yake. Siku ya kwanza hakunionyesha mgonjwa hata mmoja. Aliniletea spekulumu, kile chombo cha chuma tunachofungulia njia ya uzazi ili tuone ndani, akanipa mkononi.

"Shika."

Nikashika.

"Iko namna gani?"

"Iko baridi, Mama."

"Sasa umejua. Bamama hawaogopi chuma, wanaogopa baridi yake. Weka mu maji ya moto kidogo, kisha jaribu kwenye mukono yako mwenyewe. Kama weye umeruka, na yeye ataruka."

Nilijaribu chombo kwenye mkono wangu siku zote za kazi yangu. Ukitazama hapa, juu ya kifundo, ngozi imekuwa laini kama ya mtoto. Mume wangu alikuwa anasema ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu isiyozeeka.

Mama Odeta alikuwa na sanduku la bati la kijani, lile unaloliona juu ya kabati. Alipewa na masista miaka ya uhuru, alipokuwa msaidizi wao. Uasi ule wa kwanza baada ya uhuru ulipofika Uvira, watu wakakimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa, yeye akalizika sanduku mchangani nyuma ya nyumba ya baba yake, vyombo vyote ndani. Aliporudi akalifukua, akachemsha vyombo, akaendelea na kazi. Alikuwa anasimulia hayo kama mtu anayekueleza alivyoanua nguo mvua ilipokaribia. Alipostaafu alinipa mimi. Alisema bawaba moja ina kutu na nisiilazimishe. Nami nakupa onyo hilohilo.

Uasi wa wakati wangu ulikuwa mrefu zaidi. Ulipokuwa umechoka kidogo, barabara ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wenye upepo, alikuja daktari mmoja kutoka Bukavu akatufundisha kazi hii ya siki. Nakueleza kama alivyotueleza, maana ni rahisi na inapendeza. Unachukua siki, ile vinegre ya kawaida, iliyochanganywa na maji kwa kipimo chake. Unapaka kwenye mlango wa kizazi kwa pamba. Unangoja dakika moja. Mahali palipo salama panabaki na rangi yake ya waridi. Mahali ambapo kansa inajitayarisha, miaka mingi kabla haijawa kansa, panageuka peupe. Doa hilo ukiligandisha kwa mashine ya baridi linakufa, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake siku hiyohiyo.

Nilipoyasikia hayo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliwafikiria wale waliokuwa wanatufikia wakibebwa kwenye machela ya miti, wenye damu na harufu, ambao tuliweza tu kuwaosha na kuwashika mkono. Hawakuchelewa kwa uzembe. Ugonjwa huu mwanzoni hauumi, na mtu asiyeumwa haachi kazi kwenda kwa muganga, kama tunavyoitwa hapa sisi watu wa hospitali. Kwa hiyo ilikuwa lazima muganga aende kwao.

Tulianza na Makobola, kwenye barabara ya Fizi. Ofisi ilipanga Jumanne. Tulikuwa na gari la kuazima, meza iliyotengenezwa na seremala wa mtaa wa Kilibula ikunjike mara tatu, sanduku la Mama Odeta, na Mama Mwajuma. Huyu alikuwa mwenzetu kwa mapatano: mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, pia wa Kilibula, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa hapa tangu biashara ya zamani ya ziwa. Sisi tulimbebea mizigo yake, yeye alitutangaza. Wanawake wa pwani yote walimjua kuliko walivyomjua muganga yeyote.

Jumanne ile tulikaa kutoka asubuhi mpaka saa nane. Hakuna aliyekuja. Niliwaona wanawake pale chini ufukweni, wameinama, wanageuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu ya mchanga. Nikadhani wanatuogopa. Mama Mwajuma alikwenda kuuza chumvi yake akarudi anacheka.

"Muganga, nani alichagua hii siku?"

"Ofisi."

"Ofisi yenu haina dirisha? Hii ni juma ya giza. Mwezi haiko. Wanaume wanaingia mu ziwa na mataa, asubuhi wanaleta ndagala mpaka mitumbwi inataka kuzama. Nani ataacha samaki yake ioze ili akuonyeshe matako?"

Dereva alijifanya anakagua gurudumu.

Akanieleza taratibu, na mimi niliyezoea kueleza wengine nikasikiliza. Mwezi ukiwa mkubwa, mataa ya wavuvi hayavuti samaki, mitumbwi inakaa mchangani, na wanawake wanapumzika. Tukawaomba wakubwa waruhusu ratiba ifuate mwezi. Walicheka kwanza, kisha wakakubali, na mwezi mpevu uliofuata mabenchi hayakutosha.

Kila mama alikuja na kitenge chake mwenyewe cha kutandika mezani, maana huko mtu halali juu ya nguo ya mwenzake. Nami nilijifunza kuitumia dakika ile ya siki. Dakika moja ni ndefu sana kwa aliyelala pale. Usikae kimya ukitazama saa. Uliza habari za mboga, za mvua, za mama mkwe. Mama mkwe anatosha dakika tatu.

Mama mmoja siku ile alikuja na binti yake mdogo aliyekuwa ameanza kusimama. Mtoto aliitwa Neema, mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo mama aliitwa Mama Neema, kama desturi yetu ilivyo. Nikaandika hivyo. Mtoto alilishikilia sanduku la kijani akalipigapiga kwa viganja viwili muda wote, mpaka Mama Mwajuma akasema, "Huyu ametumwa na jeshi kukagua mizigo." Mama yake alitandika kitenge cha bluu chenye vifaranga vya njano. Kilinipendeza, nikaandika pembeni mwa mstari, *kitenge cha vifaranga*, ili nimuulize Mama Mwajuma kama amebakiza kingine. Unaona jinsi nilivyokuwa makini na kazi.

Nikapaka siki, nikangoja, nikauliza habari za mama mkwe. Doa likatokea, jeupe, lenye kingo, kama ugali uliokaukia ukingoni mwa sahani. Lilikuwa kubwa. Lakini chupa ya gesi ya mashine ilikuwa tupu. Mpya ilikuwa inangojwa kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Mama Neema," nikamwambia, "uko na kitu kidogo pale. Bado si kansa. Tukikiacha, inaweza kuwa kansa. Mwezi mukubwa unaokuja tutakitoa, na haitachukua hata robo ya saa."

"Itauma?"

"Kama tumbo la mwezi."

"Ile naijua," akasema. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Siku tisa baadaye barabara ilifungwa. Watu wa Makobola walikimbia, wengine juu milimani, wengine majini. Chupa ya gesi ilifika, ikasimama kwenye korido yetu zaidi ya mwaka mzima. Nilipita pembeni yake kila asubuhi. Doa la namna ile kwa kawaida linakwenda polepole, miaka na miaka, lakini lake lilikuwa kubwa tangu mwanzo, na hakuna aliyeweza kuniambia mama yule amebakiwa na muda gani. Wenzangu walikuwa wanakagua tairi na mafuta. Mimi nilikuwa nahesabu miezi mipevu.

Tuliporuhusiwa kwenda tena, njiani kulikuwa na baryeri, kamba iliyofungwa kwenye mapipa mawili. Askari kijana alifungua sanduku la kijani akatoa spekulumu, akaigeuza.

"Hii ni silaha ya namna gani?"

Nilimweleza. Unajua mimi nikieleza siruki kitu. Nilianza na mahali inapoingia, nikaendelea na jinsi inavyofunguka, nikataka kumwonyesha na kidude cha kukazia. Aliirudisha sandukuni kwa vidole viwili na kuangalia ziwa. "Piteni, Mama. Piteni tu." Tangu siku ile dereva aliniambia nikae mbele kwenye kila baryeri.

Makobola ilikuwa imepungua. Nyumba nyingine zilibaki kuta. Hata hivyo wanawake walikuja, wakakaa kwenye mabenchi na vitenge vyao magotini, na mimi nikafungua daftari la bluu. Sikutaka kungoja zamu. Nikasimama mlangoni nikaita kwa sauti kubwa na ya furaha:

"Mama Neema."

Hakuna aliyesimama. Nikaita tena. Wanawake wakaangalia chini. Nikaita mara ya tatu, nikifikiri labda yuko nje. Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema bila kunitazama, "Hapa hatuna muntu wa ile jina."

"Amehama?"

"Andika vile unapenda, Muganga."

Nikaandika *amehama*, macho yakiwa daftarini, hata sikumtazama aliyekuwa akinipita mlangoni. Niliwahudumia waliobaki, wawili wakagandishwa, gesi ilitosha. Alasiri tukapakia meza. Moyo ulikuwa mzito, lakini nilijiambia vita imewatawanya watu wengi.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia, baryeri tumeshaipita, nilipomwambia Mama Mwajuma, "Yule wa vifaranga nimemkosa."

"Vifaranga ya njano, kwenye bluu?"

"Ndiyo. Mama Neema."

Akanigeukia polepole. "Njo ile jina uliita pale?"

"Mara tatu."

"Mbele ya batu?"

"Mwajuma, ningemuita nyuma ya batu?"

Hakucheka. Alishika mkono wangu. "Mutoto alikufaka, Muganga. Kule walikimbilia, homa ilimushika, dawa haikuwa. Bamama walinielezaka leo kwenye mchanga. Tangu alirudi, hakuna muntu anaita ile jina, hata batoto wamekatazwa. Wanamuita jina yake ya usichana, Nabintu. Na alikuwa pale. Nilimuacha benchi ya tatu, karibu na mulango, nikaenda kuuza. Kama ulisimama mulangoni, ulikuwa karibu umukanyage."

Sasa nikaelewa yale macho yaliyotazama chini. Kijiji kizima kilikuwa kimelibeba jina lile kwa uangalifu tangu mama yule arudi, kila mmoja akijizuia, na mimi nimesimama mlangoni nimelitangaza kama mnadani. Niliona pia jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nimwambie dereva ageuze: mama yule alikuja. Alikuwa amekumbuka, amekaa kwenye benchi na kitenge chake, na mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani na doa lake.

Dereva alisema gari si letu, jua linashuka, na baryeri hawapendi watu wa kwenda na kurudi. Alisema yote hayo huku anageuza.

Kwenye kamba yule askari alituinamia dirishani. "Mumesahau nini?"

"Muntu mumoja," nikamjibu. Akainua kamba.

Tulimkuta nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alituona, akaendelea kutwanga. Mama Mwajuma alikaa chini moja kwa moja, kama anayekaa kwake. Nami nikakaa.

"Nabintu," nikasema. "Nimekukosea. Sikujua."

Mchi ulipanda na kushuka mara kadhaa.

"Ile ya kwanza," akasema, "moyo yangu iliruka. Nilizani mutoto iko mulangoni, njo unamuita. Ya pili nikakumbuka. Ya tatu nikatoka."

"Ni kosa langu."

"Hapana kosa. Weye unasoma karatasi." Akafuta mikono kwenye nguo. "Lakini minye nilijiuliza: kama karatasi inataka Mama Neema, minye niko nani? Ile dawa ni ya yule mama wa zamani. Mutu mwingine aichukue."

"Dawa haina jina," Mama Mwajuma akasema. "Na muganga huyu amerudi kupita baryeri, dereva anamutukana mu roho. Simama, dada. Usiponisikiliza, minye nitamaliza hii sombe yako, na sijui kupika."

Nabintu alimtazama, kisha akatazama sombe, kisha akasimama.

Katika chumba cha sentre, kituo cha afya cha kijiji, taa yangu ilikuwa imekufa. Betri zilikuwa zimetumika asubuhi. Nikamweka Mama Mwajuma dirishani na kioo changu cha mkono, akalishika jua la jioni na kulituma hadi mezani. "Kushoto," namwambia. "Kushoto ya nani?" ananijibu. Nilipasha chombo kwenye maji ya chai ya dereva, nikakijaribu mkononi. Nikapaka siki. Dakika ile sikuuliza habari za mtu yeyote.

Doa lilikuwa limekua. Kanuni yetu ni hii, nawe utaijua: kama kichwa cha mashine kinalifunika doa lote, gandisha, kama halifunikwi, mpeleke hospitali kubwa. Hospitali kubwa ilikuwa mbali, nyuma ya baryeri nyingi kuliko vidole vyangu, na nilijua asingefika. Nikaweka kichwa cha mashine. Nikatazama ukingo wa kushoto, wa kulia, wa chini. Juu kichwa kililizidi doa kwa unene wa uzi tu, lakini kililifunika. Nilitazama mara tatu kwa sababu nilitaka sana iwe hivyo, na ukitaka sana jambo macho yanakusaidia kupita kiasi. Ilikuwa hivyo kweli.

Kugandisha ni dakika tatu, kupumzika tano, kugandisha tena tatu. Katika zile tano akasema, akitazama bati la paa:

"Alikuwa anapigapiga hii sanduku yenu."

"Kwa viganja viwili," nikasema. "Mwajuma alisema ametumwa na jeshi."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Alikuwa na shanga nyekundu mukononi."

Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. Sikuyafuta. Mama Mwajuma alitikisika, jua likaruka ukutani, kisha akalirudisha mahali pake.

Alipokwisha kuvaa, nilitoa kifutio nifute lile jina na lile neno *amehama*. Yeye hakujua kusoma, lakini alijua kifutio ni nini.

"Unafanya nini?"

"Naondoa ile jina, isikuumize tena."

"Iko wapi?"

Nikachukua kidole chake nikakiweka juu yake. Alikiacha pale.

"Njo hapa iko?"

"Njo hapa."

"Alizaliwa mu kukimbia, akakufa mu kukimbia," akasema. "Ofisi ya kuandika batoto ilikuwa imefungwa. Ubatizo hatukufikia. Hii karatasi yako njo peke yake iko naye." Akaondoa kidole. "Neno lile lingine futa. Ile iache. Ila usiite."

Kwa hiyo nilifuta *amehama*. Juu ya *Mama Neema* nikapiga mstari mmoja mwembamba, jina likaonekana vizuri chini yake, na pembeni nikaandika *Nabintu*.

Nilipomsimulia Mama Odeta, aliyekuwa ameshastaafu na magoti yanamsumbua, alinisikiliza mpaka mwisho. "Chombo ulipasha moto," akasema. "Jina ukaiacha baridi." Kisha akaniambia nimletee chai.

Mwaka uliofuata nilimkagua Nabintu: waridi safi, pote. Alipata watoto wengine wawili. Mzaliwa wa kwanza kati ya hao ni Amani, lakini mama mwenyewe hakutaka kuitwa Mama Amani, alitaka abaki Nabintu, na akawa ndiye anayewaita wanawake kwenye mabenchi yetu. Hapazi sauti. Anakwenda, anainama, anamgusa mtu begani. Tulipofika Kiringye, kule kwenye uwanda, tulikuta mwezi hauna maana yoyote na mavuno ndiyo yanayopanga siku, tukaanza kujifunza upya; lakini Nabintu tulikwenda naye, na mkono wake begani ulifanya kazi kule kama ulivyofanya ziwani. Siku niliyoaga kazi alinivuta kando akaniambia, "Leo weye unaweza kuniita ile jina. Mara moja." Nikamuita, kwa sauti ndogo, akaitika.

Basi, binti yangu, daftari ni lako sasa. Kila mama anapokaa mbele yako, hata kama umemwona mwezi uliopita, usianze na karatasi. Inama karibu umuulize polepole: "Leo tukuite nani?" Ngoja ajibu. Likiwa jina jipya, piga mstari mmoja mwembamba juu ya lile la zamani, liendelee kusomeka, na uandike jipya pembeni yake.